Usimwambie Paka Wamejaa Marikiti

Mwaka juzi, Kaskazi imepamba moto, mama yangu alifiwa na paka. Najua neno hilo litawakwaruza baadhi ya wasomaji. Kufiwa, watasema, ni mtu na mtu wake. Paka hufa tu, yakaisha. Naomba wanivumilie. Nimelitafutia neno hili badala yake nisilipate, na hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Paka mwenyewe alikuwa dume la rangi ya chungwa, jina lake Zafarani. Aliishi na mama miaka 11 katika nyumba ya ghorofa moja pale Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Baba alifariki Zafarani akiwa na umri wa miaka miwili. Sisi watoto tulikuwa tumeshatawanyika: mmoja Nairobi, mmoja Doha, mimi nimeolewa Kisauni. Ukipiga hesabu, kwa miaka tisa kiumbe pekee aliyelala chini ya dari moja na mama kila usiku alikuwa huyo paka.

Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa akikwaruza mlango wa chumba. Mama anaamka, anamfungulia, anatia udhu, anasali. Kukipambazuka wanashuka ngazi wote wawili, mama kwenda kwa muuza samaki, paka kumsindikiza mpaka kwenye baraza la pembeni na kumngojea hapo hapo. Mama akirudi na vichwa viwili vya changu kikapuni, anavichemsha bila chumvi, anavichambua miiba kwa vidole, kisha anamtilia kwenye kibakuli cha bati chenye ukingo wa buluu. Hanywi chai yake mpaka paka ale. Nilikuwa nikiyaona hayo kila nikija kulala kwake, na sikuyapa uzito wowote. Niliyahesabu kuwa mambo ya mama na paka wake.

Alikufa usiku wa kuamkia Jumanne. Nilipofika nilimkuta mama amemlaza juu ya kanga kuukuu, amemfunika mpaka shingoni kama mtoto aliyelala. Hapo likazuka swali ambalo mkaazi wa Mji wa Kale atalielewa upesi: tumzike wapi? Nyumba zetu zimepandana ukuta kwa ukuta, ua ni saruji tupu, udongo wa kuchimba haupo. Kijana mmoja wa jirani, kwa nia safi kabisa, alisema apewe tu, atamtupa jaani akipita. Mama hakumjibu. Alitikisa kichwa, akaenda kutafuta katoni.

Tukampeleka Likoni kwa mama mdogo, ambaye ana kiwanja chenye mkanju. Tuktuk mpaka kivukoni, halafu feri. Mama alisimama katikati ya watu ameikumbatia katoni kifuani. Bwana mmoja akamwuliza, "Umebeba vifaranga, mama?" Akajibu, "La, mwanangu," akageuza uso kuyatazama maji. Sijawahi kumwona mama mpweke kama alivyokuwa ndani ya feri ile, na tulikuwa mamia ya watu.

Jioni shoga yake wa miaka mingi akaja kumtazama. Alikaa, akanywa kahawa, akasema kwa sauti ya mapenzi: "Pole, shoga. Lakini nawe usijitie unyonge kwa ajili ya paka. Paka wamejaa sokoni Marikiti, nenda ukajichagulie mwengine." Mama akatabasamu. Tangu jioni ile hakulitaja jina la Zafarani mbele ya mtu kwa karibu mwezi mzima.

Nimeyafikiria maneno hayo kwa muda mrefu. Hayakuwa na ubaya. Yalisemwa na mtu anayempenda mama, na tena ni ya kweli. Paka wamejaa Marikiti, wamejaa soko la samaki, wamejaa kwenye ngazi za misikiti, na kwenye kuta za Fort Jesus wanaota jua. Mombasa ni mji wa bandari, na bandari yenye nafaka haikosi panya, na penye panya paka hafukuzwi. Hawana mwenyewe na wana wenyewe wengi: muuza samaki huwatupia matumbo, mwenye kibanda cha viazi karai huwaachia ukoko wa mkate, bibi wa ghorofani huwamwagia maji ya kunywa kwenye kopo. Mgeni akija hushangaa. Sisi tumezoea hata hatuwaoni.

Na hapo ndipo penye shida. Wingi wa paka umetuzuia kumwona paka mmoja. Tukisikia mtu amepotelewa na wake, akili zetu hukimbilia kwenye hesabu ya waliobaki, nao ni wengi, basi tunaona hasara haipo. Lakini mama hakuwa amepotelewa na paka katika jumla ya paka. Alipotelewa na yule aliyekuwa akikwaruza mlango kabla ya alfajiri. Huyo Marikiti hayuko.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko sisi tunaoizungumza. Kiti kimevunjika na nyumba imebomoka, lakini paka amekuja, amelala, ameondoka. Sarufi ya Kiswahili imempa mnyama upatanisho ule ule wa binadamu, haikumweka kwenye kundi moja na vyombo vya ndani. Na wazee waliposema mazoea yana taabu, hawakutaja ni mazoea na nani. Waliliacha wazi, nami naamini waliliacha wazi kwa sababu walijua taabu hiyo haichagui.

Tuangalie basi mazoea hayo yana nini ndani yake, maana watu wa sayansi wamejaribu kuyapima. Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakiongozwa na Miho Nagasawa walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana machoni kwa muda, kiwango cha homoni iitwayo oksitosini hupanda kwa wote wawili. Homoni hiyo ndiyo ile ile inayohusika na mapenzi baina ya mama na mtoto mchanga. Kabla ya hapo, mwaka 1980, Erika Friedmann na wenzake nchini Marekani waliwafuatilia wagonjwa 92 wa moyo kwa mwaka mmoja baada ya kutoka hospitalini. Kati ya 53 waliokuwa na wanyama nyumbani walikufa watatu. Kati ya 39 wasiokuwa nao walikufa 11. Ni tofauti kubwa, na utafiti ule ukazua mwingine chungu nzima.

Lakini lazima niseme ukweli kamili. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Wagonjwa 92 ni wachache, na mtu mwenye nguvu za kufuga mnyama pengine tangu mwanzo ana afya kuliko asiyeweza. Shirika la moyo la Marekani lilipolichambua suala hili mwaka 2013 lilisema kwa tahadhari kwamba kufuga mnyama, hasa mbwa, huenda kukapunguza hatari ya maradhi ya moyo, na likaonya papo hapo kwamba mtu asichukue mnyama kwa sababu hiyo peke yake. Mimi naukubali msimamo huo. Paka si kidonge cha presha, na anayemchukua kama kidonge atamtupa pindi presha ikikataa kushuka.

Faida niliyoiona mimi kwa macho yangu ni nyingine, na sijui kama kuna kipimo cha damu kinachoweza kuikamata. Mama alipofika miaka sabini, kila mtu katika maisha yake aligeuka kuwa mtu wa kumsaidia. Sisi tunamtumia pesa kwa simu. Mjukuu anambebea mtungi wa gesi. Jirani anamnunulia dawa. Anashukuru, anatuombea dua, lakini siku nzima yeye ni wa kupokea. Kiumbe mmoja tu ndiye aliyebaki kumhitaji kwelikweli, ambaye mama asipoamka hatakula. Kwetu sisi mama alikuwa mtu wa kutunzwa. Kwa Zafarani alikuwa mtunzaji. Mtu aliyelea watoto wanne, akamzika mmoja, akamuuguza mume mpaka mwisho, hawezi kukaa na mikono mitupu bila kuumia. Paka yule aliiweka mikono ya mama kazini.

Kwa hivyo siku Zafarani alipokufa, mama hakupoteza kitu cha kuchezea. Alipoteza kazi yake ya mwisho. Nilikuja kuligundua hili wiki moja baadaye, nilipofungua friji yake na kukuta vichwa sita vya changu vimepangwa kwenye sahani. Alikuwa bado ananunua viwili kila asubuhi. Hakuwa amesahau kwamba paka hayupo. Aliniambia tu, "Nikifika pale, mdomo unaagiza wenyewe."

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani wa mambo ya msiba, Kenneth Doka, alilipa jina jambo ambalo watu walikuwa wakiliishi bila jina. Alieleza kwamba kuna huzuni ambayo jamii haiitambui: mtu amepoteza kweli, lakini hasara yake haitangazwi, haiombolezwi hadharani, wala haipati watu wa kuisaidia kuibeba. Mifano iko mingi, na kifo cha mnyama wa nyumbani ni mmojawapo. Huzuni ya namna hii huuma mara mbili, kwa sababu mwenyewe huanza kujishuku: mbona nalia hivi kwa paka, nina kasoro gani?

Sasa liweke jambo hilo hapa Pwani. Sisi ni hodari wa msiba. Sidhani tuna wa kutushinda katika hilo. Mtu akifa, kabla maiti haijatoka turubai limeshasimama, sufuria za pilau zimeshaazimwa, wanaume wako barazani na wanawake wako ndani na mfiwa, kahawa inapita. Tanga lina siku zake, hitima ina wakati wake, mjane ana eda yake na kila mtu anajua amkaribie vipi. Rambirambi zinaandikwa daftarini. Hata asiyekujua vizuri hupita akakushika mkono. Mfiwa wa Pwani habebi msiba peke yake hata akitaka. Ndiyo maana mtu aliyefiwa na mnyama hapa kwetu huachwa pweke zaidi kuliko angeachwa penginepo, kwa kuwa ameyaona maisha yake yote watu wanavyokuja, na safari hii hakuna anayekuja.

Herodotus aliandika kwamba katika Misri ya kale, paka akifa nyumbani, wote wa nyumba ile walinyoa nyusi zao. Fikiria hilo kidogo. Nyusi huchukua wiki kadhaa kuota. Kwa wiki hizo zote kila aliyekutana na mfiwa njiani alijua kwa kumtazama tu, wala haikumlazimu mfiwa kueleza.

Sitaki nieleweke vibaya. Siombi hitima ya paka wala sala ya jeneza. Mipaka ya dini naijua na naiheshimu, na mama anaiheshimu kunishinda. Katoni ile ilifukiwa chini ya mkanju kimya kimya, shimo refu ili mbwa wasifukue, tukarudi. Ninachokiomba ni kidogo mno, na kiko ndani ya mafunzo tuliyosomeshwa tangu chuo cha Kurani.

Anas bin Malik alikuwa na ndugu mdogo wa kwa mama, akiitwa Abu Umayr, aliyekuwa na kidege cha kuchezea. Mtume, rehema na amani zimshukie, akija nyumbani kwao akimfanyia mzaha yule mtoto. Siku moja alimkuta ana huzuni, akauliza ana nini, akaambiwa kidege chake kimekufa. Hakumwambia ndege wamejaa mitini. Alimwita mtoto kwa kunia yake, lile jina la heshima la "Abu fulani", kama anavyoitwa mtu mzima, akamwuliza: "Ewe Abu Umayr, kimefanya nini kile kidege?" Kwa Kiarabu maneno hayo yana vina, yanateleza mdomoni, mtoto angeyakariri. Wanachuoni wa Kishafi wametoa katika hadithi hii fupi faida zaidi ya 60, za fikihi na za adabu. Mimi nachukua moja tu. Kiongozi wa umma, mwenye shughuli za umma, alisimama akamwuliza mtoto habari za kidege kilichokufa, na kwa swali hilo akamwonyesha kwamba amekiona anachokililia.

Hadithi za paka ndizo tunazozikumbuka haraka: yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa, na Abu Qatada aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Tunazisoma kama hukumu za twahara na za dhuluma, na ni sawa. Ila ya kidege inahusu mfiwa, na hiyo tunaipita.

Nilivyosema, mama alikaa karibu mwezi bila kulitaja jina. Aliyemfungua mdomo alikuwa muuza samaki. Mama alikwenda asubuhi moja akaagiza kipande cha nguru tu. Yule kijana akasimamisha kisu juu ya ubao akauliza, "Na rafiki yako wa baraza, mama, hali tena vichwa?" Mama akamwambia. Kijana akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kitambaa, akasema, "Pole sana, mama. Alipatwa na nini?" Wateja wakangoja. Mama alieleza kila kitu pale pale mbele ya watu: jinsi alivyokonda, jinsi alivyokuwa akinywa maji kupita kiasi, jinsi daktari wa mifugo alivyosema figo zimekwisha. Aliporudi nyumbani alinipigia simu kunisimulia mazungumzo hayo, na nilisikia kwenye sauti yake kitu kilichokuwa kimekaza kimelegea. Nilijiuliza mimi, mwanawe, niliyebeba jembe mpaka Likoni, kwa nini sikuwahi kumwuliza swali lile.

Kuna neno moja katika maelezo ya mama lililonikaa. "Nilimwona akinywa maji mengi," alisema, "nikadhani ni joto la Kaskazi." Paka mzee anayekunywa maji sana na huku anapungua mwili, mara nyingi figo zake ndizo zinazougua, na dalili huchelewa kuonekana mpaka sehemu kubwa ya figo imeshaharibika. Mama hakuwa na njia ya kulijua hilo. Lakini hatia haingoji ushahidi. Kila niliyezungumza naye aliyepoteza mnyama ana sentensi ya namna hii: laiti ningefunga geti, laiti nisingemwachia atoke, laiti ningempeleka kwa daktari Ijumaa badala ya Jumatatu. Kwa mnyama hatia hii huwa kali kuliko kwa mtu, kwa sababu mnyama hasemi panapouma. Maamuzi yote yalikuwa yako. Na aliyelazimika kukubali mnyama wake apigwe sindano ya kumpumzisha hubaki na swali ambalo hakuna daktari anayeweza kumwondolea moja kwa moja. Mtu wa namna hiyo ukimkuta, usikimbilie kumwambia asijilaumu. Mwache aitoe ile laiti yake mpaka mwisho. Ikisemwa mara tatu nne mbele ya mtu anayesikiliza, hupungua uzito.

Watoto ni habari nyingine, na hapa lazima nikiri kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja tulinunua mbuzi wa Idi ya kuchinja wiki mbili kabla. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka saba. Siku ya pili tu alishampa jina, siku ya tatu mbuzi anamfuata uani, anamlia majani mkononi. Siku ya Idi nyama ilipotengwa alisukuma sahani. Nilimgombeza. Nilimwambia ale, asilete kudeka mbele ya wageni. Alikula huku machozi yanamchuruzika, na wageni wakacheka.

Siku nyingi baadaye ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Kuchinja kule ni kumbukumbu ya baba aliyeambiwa atoe anachokipenda kuliko vyote. Sisi wakubwa tulitoa pesa. Pengine katika nyumba nzima mtoto yule peke yake ndiye aliyetoa kitu alichokipenda, na badala ya kumkalisha na kumweleza kwamba hiki unachokihisi ndicho hasa tunachokikumbuka leo, nilimfundisha kuona haya. Angeweza kulia na bado mbuzi akachinjwa kwa haki. Hayo mawili hayagombani.

Jambo jingine kuhusu watoto nalisema kwa ufupi kwa sababu liko wazi. Msiwadanganye. Paka amekufa, basi sema amekufa. Ukimwambia mtoto paka "amesafiri," atamngoja, na akigundua atakuwa amefiwa na paka na pia amepungukiwa imani na wewe. Wala usimwambie "amelala," maana usiku yeye mwenyewe anatakiwa alale.

Na ule ushauri wa kuchukua mwengine? Siupingi moja kwa moja. Wapo wanaopona kwa kupata mnyama mpya upesi, hasa wale ambao siku zao zilikuwa zimeshikiliwa na ratiba ya mnyama. Ninachokipinga ni kuutoa siku ya kwanza, na kuutoa kama jibu. Mtu aliyeletewa paka mpya kabla hajamlilia wa kwanza humtazama yule mgeni na kuona kila kitu ambacho si yule wa zamani, na mnyama asiye na kosa hulipia. Kama mnataka kumsaidia mzee aliyebaki na nafasi tupu, ijazeni kwanza ile asubuhi. Mpigieni simu saa ile ile aliyokuwa akikwaruziwa mlango. Mwendeeni sokoni. Kama wiki zinapita halali, hali, haoni sababu ya kutoka nje, hapo mpelekeni kwa daktari au mshauri nasaha, na msione aibu kutaja chanzo. Mara nyingi kifo cha mnyama hufungua misiba ya nyuma. Mama, alipoanza kumlilia Zafarani waziwazi, ndani ya kilio kile nilimsikia akimtaja baba.

Mji huu si mgeni kwa mapenzi ya wanyama. Desemba 2004, baada ya tsunami, mtoto wa kiboko aliyetenganishwa na kundi lake aliokolewa karibu na Malindi akaletwa Haller Park, Bamburi. Wakampa jina Owen. Alikwenda moja kwa moja kujificha nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, na wakawa wanalala pamoja, wanakula pamoja. Dunia nzima ilikuja kuwapiga picha. Wataalamu wanaweza kubishana kuhusu kilichokuwa kikipita kati ya viumbe wale wawili, lakini hakuna hata mmoja aliyemcheka kiboko yule kwa kumng'ang'ania kobe baada ya kupoteza mama. Tulimwelewa papo hapo. Tuliona haja yake. Huruma hiyo tuliyokuwa nayo kwa kiboko nataka tuwe nayo kwa mama wa watu aliyesimama kwenye feri na katoni.

Nawe unayeishi Nyali au Kizingo nyuma ya geti refu, nakuomba umwangalie pia mtu ambaye hata yeye mwenyewe hajui kama ana haki ya kuhuzunika. Kwenye mtaa ambao rafiki yangu anafanya kazi, mbwa wa ulinzi alikufa kwa kuumwa na nyoka. Wenye nyumba walihuzunika, majirani wakawapa pole, watoto wakachora picha. Soja wa usiku aliambiwa achimbe shimo. Alichimba. Wenye nyumba walikuwa wakimwona mbwa yule asubuhi na jioni. Soja alikaa naye saa 12 kila usiku kwa miaka minne, wao wawili tu, kwenye giza, kila mmoja akimlinda mwenzake. Walipopiga doria, mbwa alitangulia. Soja alipopitiwa na usingizi, mbwa alibaki macho. Hakuna aliyempa pole, kwa sababu mbwa hakuwa wake.

Nilikutana naye siku moja nilipokwenda kumchukua rafiki yangu, nikamwuliza habari za mbwa. Alinyamaza kidogo, akaniangalia kama anayetaka kuhakikisha sifanyi mzaha. Kisha akaniambia kwamba mpaka leo, ikifika saa nane za usiku, akizunguka na tochi, hupunguza mwendo kwenye pembe ya ukuta ambapo mbwa alikuwa akimngojea. Nilimwuliza aliitwa nani. Alinitajia jina la Kizungu, lile la wenye nyumba. Halafu akasema hilo lilikuwa la mchana. Usiku yeye alimwita Karani, kwa sababu hakuna aliyepita getini pale bila Karani kumwandikisha kwanza kwa pua.